Chewa Aliyeogopa Mbwa

Kolekole alipoishika ndoana, Mejumaa alimwona mbwa.

Alimwona kama siku zote: mwekundu, sikio moja limechanika, mnyororo ukiburuzwa kwenye changarawe nyuma yake. Mejumaa alikuwa ameketi kwenye kiti cha mpokezi, katikati ya boti, mkanda umembana paji la uso. Asubuhi ilikuwa nyeupe na maji yametulia. Hapakuwa na mbwa. Yeye alijua hapakuwa na mbwa, ila magoti yake hayakujua.

“Binti mjomba,” akaita Nahodha Masudi kutoka kwenye usukani, bila kugeuka. “Wale waliokuja kukuposa wanasema unakoroma. Ni kweli?”

“Uongo,” akasema Mejumaa. Meno yake yaligongana.

“Wanasema hata kuku walihama.”

“Kuku wenyewe walikuwa wa kuazima. Kama hiyo suruali yako.”

“Haya, bado yumo,” Masudi akamwambia mgeni. “Endelea kuvuta, mzee.”

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya utani katika boti za Mtiwani. Masudi alikuwa mtoto wa shangazi yake Mejumaa, na kati ya watu wa namna hiyo hakuna dhihaka inayogeuka kuwa ugomvi. Mpokezi anayejibu dhihaka bado yuko na watu. Akinyamaza, woga umemchukua, na nahodha hana budi kukata mshipi. Kwa hiyo manahodha wa Mtiwani hawakuwa wakiulizana kuhusu vyeti. Waliulizana: una mtani anayefaa?

Mwenye ufito wa kuvulia alikuwa Bwana Kiptanui, mfanyabiashara wa maziwa kutoka Nandi, mtu mnene, mpole, aliyekuja ghubani kila msimu na kuwaletea mursik, maziwa ya mgando ya kwao, katika kibuyu. Alivuta polepole, akisimama kupumua. Hakuwa amevaa kitu kichwani isipokuwa kofia ya jua.

Sheria ya Mkanda ilipotungwa, haikukusudiwa iwe hivyo. Ilikuja baada ya Miaka Mitupu, wakati nyavu zilipopanda na mwani tu na watu wa pwani wakajifunza kula samaki wa makopo kutoka nchi za mbali. Sheria ilisema kwamba anayevua kwa ajili ya chakula avue kwa kipimo. Lakini anayevua kwa kujifurahisha, kisha akamwachia samaki, woga wa samaki yule usipite bila mtu kuubeba. Ndoana ikatengenezwa bila mwiba, ikiwa na unywele wa chuma unaolala juu ya mshipa wa fahamu wa taya. Unywele ukausoma woga, mshipi ukapandisha, mkanda ukamfikishia mtu.

Mwanzoni sheria ilifanya kazi yake. Wanaume wenye vifua vipana walishuka gatini wakitapika, wakagawa fito zao bure. Ghuba ikapumua. Vibua wakarudi, kisha changu, kisha wale wakubwa wanaofuata vibua na changu. Halafu mtu fulani akagundua kwamba sheria ilitaka mkanda uvaliwe na mtu mmoja ndani ya chombo, wala haikusema awe yule aliyeshika ufito. Ndipo walipozaliwa wapokezi.

Mejumaa alikuwa na shahada ya sayansi ya bahari na hakuwa na kazi. Alijiambia kwamba kama kiti kile lazima kikaliwe, ni heri kikaliwe na mtu anayewapenda samaki, atakayehakikisha wameachiwa vizuri. Bado aliamini hivyo, siku nyingi. Tatizo ni kwamba alikuwa hodari mno. Aliweza kustahimili woga ambao ungemfukuza mgeni baharini kwa samaki mmoja, na kwa sababu yake mgeni alivua mpaka mikono ikachoka.

Kolekole akafika ubavuni mwa boti. Mejumaa akainama, akamgeuza majini bila kumnyanyua, akalegeza mshipi. Ndoana ikatoka yenyewe. Mbwa akapotea kichwani mwake kama taa iliyozimwa.

“Anakwenda vizuri,” akasema Bwana Kiptanui, akimtazama samaki akizama.

“Anakwenda,” akasema Mejumaa.

Tangu mwaka uliopita walikuwa wakiwaona wengine wakielea nje ya mwamba, siku chache baada ya kuachiwa, bila jeraha, macho mazima. Watu walisema ni joto la maji. Yeye pia alikuwa akisema hivyo.

“Leo nani atakwenda kuripoti ofisini kwa Bwana Samaki?” Masudi akauliza.

“Wewe.”

“Kila siku mimi. Eti kwa sababu ya kale kambwa kazee kanakolala ngazini pa ofisi. Hakana hata meno, Mejumaa. Kakikuuma kitakachokupata ni kutekenywa.”

“Basi nenda ukatekenywe wewe.”

Bwana Kiptanui alicheka, akajifuta shingo. Kisha akasema kile ambacho Mejumaa alikuwa akikiogopa tangu walipong’oa nanga.

“Sasa twende tukamsalimie Bwana Harusi.”

*

Pango la Bwana Harusi lilikuwa nje kidogo ya mlango wa ghuba, mahali mwamba unapokatika ghafla na maji kubadilika rangi. Mwenyewe alikuwa chewa mkubwa kuliko mtu mzima. Chewa wote wa aina ile huzaliwa majike. Anayefikia ukubwa kupita wenzake ndiye anayegeuka kuwa dume, na kugeuka huko huchukua miaka. Miaka Mitupu iliwamaliza wakubwa wote. Katika ghuba nzima alikuwa amebaki dume mmoja, na mwezi ukikomaa majike walimfuata pangoni kutoka pande zote. Jina lake lilitokana na hilo.

“Majike wanakaribia kuja,” Mejumaa akasema. “Tumwache.”

“Si mlimkamata kabla ya Ramadhani? Na wewe ndiye uliyempokea. Akarudi salama?”

“Alirudi.”

“Basi. Mimi sitaki kumdhuru, binti. Nataka kumwona mara moja, nikiwa na pumzi ya kumvuta. Mwakani sijui.” Akajigusa kifua. “Moyo.”

Aliposema ‘moyo’, Mejumaa alishindwa kumkatalia. Isitoshe, alikuwa na haki moja ambayo hakuna aliyeweza kumnyang’anya: mpokezi akisema kata, mshipi hukatwa. Akajifariji kwa hilo. Akakaza mkanda.

Masudi akaisimamisha boti juu ya ukingo, mota ya umeme ikinong’ona ili mkondo usiwachukue. Bwana Kiptanui akateremsha pweza mzima kwenye ndoana, na chubwi zito la kuizamisha. Mshipi ukashuka, ukashuka. Kisha ukasimama.

Mbwa akaja.

Lakini hakuwa yule. Mejumaa aliufungua mdomo na sauti haikutoka. Mbwa huyu hakuwa na manyoya. Alikuwa laini na baridi kama samaki mkunga. Miguu yake haikukanyaga kitu. Ilipepea, miembamba kama mapezi. Kinywa chake kilikuwa cha mviringo, kikifunguka na kunyonya, na meno yalikuwa ndani kabisa, kooni, safu nyuma ya safu. Alipobweka hapakuwa na mlio, palikuwa na pigo la maji lililogonga mbavu. Alikuwa mlangoni mwa pango. Alikuwa hapo kwa muda mrefu, kujaa na kupwa, kujaa na kupwa, na ndani ya pango palikuwa na njaa.

Sikio lake moja lilikuwa limechanika. Nyuma yake uliburuzwa mnyororo.

“Binti mjomba,” Masudi akasema. “Nasikia ukipika wali, majirani hutumia ukoko kuezekea banda.”

Kimya.

“Mejumaa. Nasema ukoko wako unaezeka mabanda.”

Alimsikia. Alimsikia kama mtu anayesikia jina lake likiitwa katika nyumba nyingine. Alitaka kujibu, lakini maneno yalikuwa upande ule wa mbwa, na hakuweza kumpita.

Masudi akaacha usukani. Alikuwa na kisu mkononi.

“Usikate,” Mejumaa akasema. Sauti ilitoka nyembamba. “Masudi, usikate. Anapanda.”

“Anapanda kweli,” akasema Bwana Kiptanui kwa mshangao. “Hata sivuti. Mshipi unalegea wenyewe, nazungusha tu.”

Wote watatu walijua kwamba hilo haliwezekani. Chewa akihisi ndoana hukimbilia pangoni, hupanua mashavu yake na kujikaza kwenye jiwe, na wenye mikono dhaifu hushindwa hapo hapo. Hakuna chewa anayekimbia kwenda juu, kwenye mwanga, ambako mfuko wake wa hewa hufura na kumbana matumbo. Juu ndiko anakokufa.

“Si sisi anaotukimbia,” Mejumaa akasema. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta. “Anakimbia pango. Ametuona sisi ndio mlango wa kutokea.”

*

Alipanda kama kivuli cha wingu, kisha akawa samaki: kahawia, madoa meusi, kichwa kipana kama meza. Akalala ubavuni mwa boti, tumbo limefura, jicho limetazama juu. Hakupiga mkia. Mashavu yake yalifunguka mara moja, yakafunga, yakakaa yamefunga.

Bwana Kiptanui alikuwa ameinua simu yake apige picha. Aliishusha.

“Anakufa?”

“Amejifunga,” Mejumaa akasema. Alishika ukingo wa boti kwa mikono miwili ili asianguke. Ndani ya kichwa chake kile kitu kilikuwa kimepanda nao. “Woga ukizidi wanaacha kupumua. Sikilizeni. Darasani walituambia ubongo wetu hauna neno la woga wa samaki, kwa hiyo unaazima woga wetu ulio karibu. Masudi, unajua wangu.”

“Mbwa wa mlinzi wa mashamba ya chumvi. Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyekimbia kwanza.”

“Kila samaki ninayempokea, namwona yule. Yule yule, na manyoya yake. Leo nimemwona mwingine. Mbwa aliyetengenezwa na kiumbe ambaye hajawahi kuona mbwa. Ana mapezi, Masudi. Ana koo la chewa. Lakini ana mnyororo wangu.”

Masudi alimtazama, kisha akamtazama samaki.

“Huyu,” akasema polepole, “anaogopa mbwa?”

“Nilimpa mimi. Kabla ya Ramadhani. Nimempa mimi, na amekaa naye pangoni tangu siku hiyo, hatoki kula.”

Watengenezaji wa mkanda walikuwa wameapa kwamba njia ni moja tu, kama mdomo wa mtego wa dema: kinachoingia hakitoki. Woga unapanda, haushuki. Mejumaa alikuwa amekaririshwa hayo darasani na akayajibia mtihani. Sasa aliwakumbuka kolekole wote wenye macho mazima waliokuwa wakielea nje ya mwamba. Mmoja wa wapokezi wa Mtiwani aliwahi kutumbukia kisimani. Mwingine, utotoni, alifungiwa ndani ya nyumba inayowaka. Hayo yote yalikuwa chini sasa, yakiogelea.

“Ofisi lazima ijue,” akasema.

“Usije ukathubutu.” Masudi hakuwa na utani tena usoni. “Ukisema hivyo gatini, chama cha wanaovua kwa kujifurahisha kitapeleka wakili kabla ya adhuhuri. Mkanda unaua samaki, futeni mkanda. Utafutwa. Na baada ya mkanda ni nini? Umesahau Miaka Mitupu? Mama yako alikuwa akichemsha maji ya chumvi na ndimu, akayaita mchuzi.”

“Sijasahau.”

“Basi nyamaza. Wachache wanaelea, wengi wanaishi. Ndiyo hesabu.”

“Na huyu je?”

Shavu la chewa lilitikisika, halikufunguka.

Mejumaa alijua kila kitu kilichoandikwa kuhusu kumrudisha chewa chini. Unamfunga kibanio cha taya chenye jiwe, unamteremsha taratibu, uzito wa maji unaubana mfuko wa hewa, na akifika kwenye kina chake unaivuta kamba ya kibanio, anakuwa huru. Alikuwa amefanya hivyo kwa mikono yake. Lakini nani atakayekubali kuteremshwa katika nyumba yenye kitu kile mlangoni? Angepanda tena. Au angefika chini akiwa ameshakufa kwa kutovuta pumzi.

Akafumba macho. Kama woga unashuka, alifikiri, basi na utulivu utashuka. Akajaribu. Alimtazama mbwa wake mwekundu na kujiambia ni mbwa tu. Mbwa akageuza kichwa, mnyororo ukalia kwenye changarawe, na kule ubavuni mwa boti chewa akatetemeka mwili mzima kama ngoma iliyopigwa.

“Siwezi,” akasema. “Ninajua kuvumilia. Sijui kutoogopa. Kila ninapomfikiria namzidishia.”

“Nipe mimi huo mkanda,” akasema Masudi.

“Wewe ulikimbia kwanza.”

Lilikuwa jibu la utani, na halikumchekesha mtu. Watu wawili wa Mtiwani, waliolelewa kuambiwa kwamba mbwa akikugusa kanawe mara saba, wakatazamana juu ya samaki anayekufa. Kisha wote wawili, kwa pamoja, wakamgeukia mfanyabiashara wa maziwa.

“Nyumbani kwenu mna ng’ombe,” Mejumaa akasema.

“Tangu babu.”

“Na mbwa?”

Bwana Kiptanui alielewa. Akaurudisha ufito kwenye kishikio chake kwa uangalifu mkubwa, kama mtu anayetafuta kazi ya kufanya mikono.

“Moyo wangu, binti.”

“Nitakaa karibu. Ukizidiwa nautoa mkanda.”

“Si moyo.” Alitazama chini. “Daktari alisema moyo ni mzima. Mimi naogopa tu. Miaka yote hii nimekuwa nikiogopa hicho kitu kichwani mwako. Nakutazama ukitetemeka, halafu nakwambia hongera.”

Maji yaligonga boti. Shavu la Bwana Harusi lilibaki limefunga.

Bwana Kiptanui akavua kofia.

*

Mkanda ulipomgusa paji la uso, alipiga yowe na chewa akaruka, jiwe na kibanio vikamponyoka Mejumaa nusura vianguke majini.

“Ananirudishia!” akalia. “Woga wangu unanirudia!”

“Bwana Kiptanui. Nitazame.”

Macho yake yalikuwa wazi na hayakumwona. Midomo ilitetemeka. Akanyamaza, na kimya chake kilikuwa kile ambacho kila mtu wa boti za Mtiwani alikijua na kukihofia. Mejumaa alitafuta la kumwambia. Huyu alikuwa mgeni, umri wa baba yake, mtu wa kuamkiwa shikamoo. Hapakuwa na utani kati yao. Hapakuwa na njia halali ya kumfikia.

“Mtukane,” Masudi akasema. “Mimi shahidi. Kuanzia leo Mnandi na Mdigo ni watani, nimeshawaozesha.”

Mejumaa akamsogelea. “Mzee,” akasema, “hayo maziwa yenu yanayonuka moshi. Ni kweli mlikosa sufuria safi?”

Kope zilipepesa.

“Nasema tulikuwa tukiyapokea kwa adabu, halafu tunampa paka wa Masudi. Paka akahama.”

“Mwongo,” Bwana Kiptanui akanong’ona. “Ulimaliza kibuyu.”

“Haya, yumo,” akasema Masudi.

“Umemwona mbwa?” Mejumaa akauliza. Alikuwa ameshalibana taya la chewa kwa kibanio. Alianza kuachia kamba, kiganja kwa kiganja, na kichwa kile kipana kikaanza kuzama.

“Huyu ni mbwa gani? Hana manyoya. Ana njaa, ama… Mungu wangu, koo lake.”

“Hajui mbwa alivyo. Mwambie. Wako alikuwaje?”

“Ananijia.”

“Wako alikuwaje, mzee? Au mlikuwa mkichunga kwa paka?”

“Chai,” akasema, akivuta pumzi kama mtu anayetoka majini. “Aliitwa Chai. Kwa sababu ya rangi. Alikuwa na… alikuwa na manyoya mazito hapa shingoni. Ukiweka mkono baridi unapata joto.”

“Weka mkono.”

“Kwa huyu?”

“Weka mkono, mzee.”

Alinyoosha mkono hewani, mbele yake, juu ya maji matupu. Mejumaa aliutazama mkono ule, akijua hasa ulikokuwa ukielekea. Aliendelea kuachia kamba. Chewa alikuwa kivuli sasa. Kamba ilikuwa nzito na imekufa mikononi mwake.

“Alikuwa akilala wapi?”

“Mlangoni. Mvua ikinyesha, mama alimwacha alale mlangoni, ndani. Fisi walikuwa wakishuka kutoka msituni. Mimi nililala usiku kucha kwa sababu yeye alikuwa hapo, amejilaza kizingitini. Nilikuwa nasikia akipumua.” Machozi yalimtiririka kwenye mashavu mapana. “Ana mnyororo huyu. Nani alimfunga mnyororo?”

Mejumaa hakuwa amewahi kujiuliza swali hilo.

“Mfungue,” akasema.

Vidole vya Bwana Kiptanui vilihangaika hewani, kwenye shingo ambayo hakuna mwingine aliyeiona. Muda ulipita. Masudi alikuwa ameshika usukani kwa nguvu na midomo yake ilikuwa ikisoma kitu kimya kimya.

Kamba ikagutuka.

Ikagutuka tena. Haukuwa mtetemo wa hofu. Lilikuwa pigo moja zito la mkia, halafu jingine, la mnyama anayevuta pumzi.

“Amefungua mashavu,” Mejumaa akasema. Hakuthubutu kulisema kwa sauti kubwa.

“Analia njaa,” akasema Bwana Kiptanui. “Anaona pango lake. Anaingia. Ngoja, usivute bado. Mbwa yuko hapo. Yuko mlangoni.”

“Anafanya nini?”

Alikaa kimya kidogo, na Mejumaa alimwacha, kwa sababu kilikuwa kimya kingine.

“Amelala,” akasema. “Amegeukia nje.”

Mejumaa akavuta kamba ya kibanio, na Masudi akalegeza mshipi mpaka ndoana ikaachia.

*

Gati la Mtiwani lilipoonekana, Masudi ndiye aliyeanza kusema.

“Bwana Harusi atanawa mara saba,” akasema. “Tena moja kwa mchanga. Ila huko aliko mchanga anao tele.”

Bwana Kiptanui alicheka, kisha akalia, kisha akacheka tena. Walikuwa wamemfunika blanketi na miguu yake ilikataa kusimama. Walimkalisha kwenye ngazi za gati na chupa ya maji.

“Nakwenda kwa Bwana Samaki,” Mejumaa akasema.

Masudi alifunga kamba ya boti mara mbili zaidi ya ilivyohitajika. “Watafuta mkanda.”

“Huenda. Hilo ndilo linalonitisha. Lakini nitasema yote, si nusu. Nitasema mkanda unashusha pia. Na nitasema leo umeshusha nini, na ni nani aliyekuwa ameuvaa. Wasifute mkanda, wafute kiti changu. Anayetaka kumwona samaki auvae mwenyewe, na kabla hajashuka ajue anabeba nini.”

“Hakuna atakayevua tena.”

“Wachache watavua.”

“Na wewe utakula nini?”

Mejumaa aliyaona yote yanayoweza kuharibika: wakili, kikao, ghuba iliyofunguliwa kwa kila mwenye ufito, bahari tupu tena, na jina lake juu ya hayo yote.

“Nitakuja kushuhudia,” akasema Bwana Kiptanui kutoka kwenye ngazi. “Mimi ni mwanachama wa hicho chama, watanisikiliza hata wasipotaka. Nipe muda kidogo, miguu irudi.”

Mejumaa akaanza kutembea. Kwa kawaida, akilazimika kupita upande ule, alizunguka nyuma ya ghala la barafu, njia ndefu, yenye matope. Leo alifuata changarawe.

Ofisi ilikuwa na ngazi za saruji na mlango wa kijani uliofunguliwa nusu. Mbwa mzee alikuwa amejilaza kwenye ngazi ya juu, upana wote, kidevu juu ya makucha. Alisikia hatua. Akainua kichwa.

Mejumaa akasimama. Woga ulikuwa pale pale ulipokuwa asubuhi. Hakuna aliyeutoa, na hakuna aliyekuwa na mkanda wa kumbebea. Mbwa alikuwa na manyoya shingoni, mazito kidogo, ya kijivu. Aliyatazama hayo. Hakuwa na mnyororo.

Akapanda ngazi ya kwanza. Mbwa hakuondoka. Akapanda nyingine, miguu ikitetemeka mpaka ndala zikapiga saruji, na alipofika karibu kiasi cha kusikia pumzi yake, mnyama yule akapiga miayo, akageukia barabara na kulaza kidevu chake tena.

“Hodi,” akasema Mejumaa, juu yake, kwa mlango.